Barua ya dola elfu moja: hataza za programu na biashara ya woga

Kila chuo kina mtaa wake wa steshenari. Unaingia na vyeti vyako, kijana aliye nyuma ya kaunta anavilaza kwenye skana, anabonyeza kitufe, na kabla hujatoa noti mfukoni vyeti vimeshatua kwenye barua pepe yako. Shilingi mia tano, elfu moja kama kurasa ni nyingi. Hakuna anayeiita kazi hiyo teknolojia. Ni steshenari tu, jirani na muuza chipsi.

Mwaka 2012 na 2013 maelfu ya biashara ndogo za Marekani zilipokea barua kuhusu kitufe hichohicho. Nyuma ya barua hizo ilikuwapo kampuni iitwayo MPHJ Technology Investments, ingawa jina lililoandikwa juu ya karatasi mara nyingi lilikuwa la kikampuni kingine chenye herufi sita zisizo na maana katika lugha yoyote. Barua ilieleza kwamba kuskani karatasi na kuipeleka moja kwa moja kwenye barua pepe ni uvumbuzi wenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie bila ruhusa, kwamba hataza hiyo ina mwenyewe, na kwamba mpokeaji alitakiwa kununua leseni, kiasi cha dola 900 hadi 1,200 kwa kila mfanyakazi. Walioandikiwa hawakuwa viwanda vilivyotengeneza skana. Walikuwa watu walioinunua dukani na kuichomeka ukutani.

Piga hesabu kama mwenye duka. Una wafanyakazi kumi, unadaiwa kama dola 10,000. Ukimwita wakili wa hataza asome barua, achimbue hataza zenyewe na kutoa maoni, bili yake inaweza kukaribia deni. Ukikataa na mkafika mahakamani, kesi ya hataza Marekani inaweza kula dola milioni kadhaa kabla ya hukumu, na kwa kawaida kila upande hujilipia mawakili wake hata ukishinda. Mtu mwenye akili timamu analipa. Analipa hata kama anaamini hataza yenyewe ni hewa.

Jimbo la Vermont liliishtaki MPHJ mwezi Mei 2013, na mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaibana kampuni hiyo ikubali kuacha barua za kupotosha. Tume ilidai kwamba barua zilitaja wateja wengi waliokwisha kununua leseni na kesi iliyo njiani, ilhali hapakuwa na wateja wengi wala kesi. Angalia kilichokatazwa: uongo. Kudai pesa kwa sababu ya kitufe cha skana hakukukatazwa.

Niseme mapema ninachokiamini ili msomaji asinitafute. Katika programu za kompyuta, bei ya hataza imeachana na uzito wa uvumbuzi. Inapangwa na gharama ya kujitetea. Kinachouzwa ni woga, na soko la woga lina tabia yake. Hustawi ndani yake yule asiye na cha kupoteza, na yule mwenye mali nyingi kiasi kwamba hatikisiki. Anayeumia ni wa katikati, mtengenezaji mdogo mwenye bidhaa, wateja na akiba ya miezi mitatu.

Kwa asili yake hataza ni mapatano ya haki. Mvumbuzi anaieleza jamii siri yake yote kwa maandishi, na serikali inampa miaka 20 tangu siku ya maombi ya kuwazuia wengine wasiitumie bila ruhusa. Kwa dawa mapatano hayo yana mantiki. Molekuli ina jina na umbo. Mkemia wa Mumbai na wa Basel wakisoma hataza ileile wataelewa kitu kilekile. Ni kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni nne na hati. Unajua ukuta wako uishie wapi.

Hataza ya programu ni kile kiwanja cha kuuziwa kwa maneno: kuanzia kwenye mwembe hadi mtoni. Mwembe umeshakatwa, na mto huhama kila masika. Maandishi yake mara nyingi hayaelezi namna jambo linavyofanyika. Yanaeleza jambo lenyewe, kama vile mfumo unaopokea taarifa, unaohifadhi taarifa, unaotuma taarifa kwa mtumiaji kupitia mtandao. Ndani ya maneno hayo unaweza kuingiza skana, duka, benki, hata foleni ya hospitali. Mipaka inajulikana siku jaji atakapoisoma, na hiyo ni siku ambayo umeshalipa mamilioni.

Kuna tofauti nyingine ambayo watengenezaji wengi wa programu huku kwetu hawaijui, kwa sababu wamezoea hakimiliki. Hakimiliki hulinda msimbo ulioandika, kama inavyolinda shairi. Wawili wakiandika programu zinazofanana, mmoja Arusha na mwingine Eldoret, bila kuonana wala kuibiana, hakuna anayemdai mwenzake. Kwenye hataza hilo si utetezi. Aliyechelewa kusajili anadaiwa hata kama alifikiria mwenyewe, usiku, peke yake, kwa akili yake. Na programu ndiyo fani ambayo watu wengi hufikia jibu lilelile wakati uleule, maana wote wanasukumwa na tatizo moja na vifaa vilevile.

Hata ile siri inayoandikwa kwa faida ya jamii haisomwi. Sheria ya Marekani inamruhusu jaji kupandisha fidia hadi mara tatu ikithibitika kwamba ulivunja hataza kwa kujua. Kwa hiyo mawakili wa kampuni nyingi wamewashauri wahandisi wao wasizisome kabisa, kwani ukisoma umejua. Tumejenga maktaba kubwa mno, kisha tukamwambia msomaji akae nje kwa usalama wake.

Mwanzo haukuwa hivyo, na inafaa kuwatendea haki waliouanzisha. Hataza inayotajwa kuwa ya kwanza ya programu ilitolewa Marekani Aprili 1968 kwa Martin Goetz wa kampuni ya Applied Data Research, kwa njia ya kupanga data. Goetz alikuwa upande wa wadogo. IBM wakati huo iliwapa wateja programu pamoja na mashine, bila bei ya pekee, na hakuna muuza programu anayeweza kushindana na bure. Mwaka 1969 IBM ikatangaza kutenganisha bei za programu na za mashine. Soko la programu likapata nafasi ya kuzaliwa, na Goetz aliiona hataza kuwa silaha ya mnyonge.

Silaha hazikai mkono mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972 ilikataa hataza ya njia ya kubadilisha namba kutoka mfumo mmoja wa tarakimu kwenda mwingine, ikisema hiyo ni hisabati. Mwaka 1981 ikakubali hataza ya kuivisha mpira kiwandani kwa joto ambamo kompyuta ilikokotoa muda wa kufungua kinu, kwa sababu mpira ni mpira. Mpaka hapo unaweza kufuata. Kisha mwaka 1998, katika shauri la State Street, mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza ikakubali mfumo wa kompyuta wa kuhesabu mali za mifuko ya uwekezaji, na lango la mbinu za biashara likaachwa wazi. Mwaka uliofuata Amazon ilipewa hataza ya kununua kwa mbofyo mmoja. Ndani ya wiki chache ikamshtaki mshindani wake, Barnes & Noble, na Desemba 1999, msimu wa Krismasi, mahakama ikaweka zuio. Barnes & Noble ikaongeza mbofyo wa pili kwenye duka lake ili sheria itimie. Zuio lilitenguliwa 2001 na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata, lakini Krismasi ile ilikuwa imeshapita.

Kesi ninayoipenda zaidi, kama kesi inaweza kupendwa, ni ya kikapu.

Miaka ya 1990 kulikuwa na kampuni iitwayo Open Market iliyouza programu za kuendesha maduka ya mtandaoni. Ilikuwa kampuni ya kweli yenye wahandisi na bidhaa, na ilipata hataza kadhaa, mojawapo ikihusu kile kikapu unachojaza bidhaa kabla ya kulipa. Haikudumu. Ilinunuliwa, aliyeinunua akafilisika mwaka 2003, na mali zikauzwa vipande vipande. Hataza zikaangukia kampuni nyingine, Soverain, ambayo biashara yake ikawa kudai. Bidhaa ilikufa na hataza zikabaki zinatembea peke yake, mithili ya mzimu wa mtu ambaye hakuna tena anayemkumbuka. Amazon, ileile ya mbofyo mmoja, ilishtakiwa na Soverain, na mwaka 2005 ikalipa dola milioni 40 yaishe. Mkuki kwa nguruwe.

Ikafika zamu ya Newegg, duka la mtandaoni la vifaa vya kompyuta. Mwanasheria wake mkuu, Lee Cheng, alikuwa na msimamo ambao wenzake waliuona wa kichaa: kutolipa hata senti kwa madai ya namna hii. Mwaka 2010 wazee wa baraza la mahakama huko Tyler, Texas, waliikuta Newegg na hatia ya kuvunja baadhi ya hataza hizo, fidia dola milioni 2.5. Kwa kampuni ile, kulipa kiasi hicho na kwenda nyumbani ingekuwa njia rahisi. Newegg ikakata rufaa. Januari 2013 mahakama ya rufaa ikazifuta hataza za kikapu, ikisema kwamba huduma ya CompuServe Mall ilikuwa ikiuza bidhaa kwa njia ya kompyuta tangu miaka ya 1980, na hatua kutoka pale hadi kwenye kikapu ilikuwa ya wazi kwa mtu wa fani.

Kwa miaka yote ile, basi, kila aliyelipa alilipia kitu ambacho hakikustahili hataza. Na kwa kawaida aliyelipa kwa maelewano harudishiwi. Na angalia mzigo ulivyogawanyika: Newegg alibeba gharama zote za kuifuta, faida ikawa ya kila duka duniani lenye kikapu, wakiwemo washindani wake. Ndiyo maana wachache hupigana. Anayelipa kimyakimya anahamishia gharama kwenye bei na kusonga. Anayepigana anawafagilia njia wapinzani. Ukiona hataza mbovu inaishi miaka 15, usidhani hakuna aliyejua ni mbovu.

Wakubwa nao wana njia yao. Mei 1991 Bill Gates aliwaandikia viongozi wa Microsoft kwamba kama watu wangeelewa jinsi hataza zitakavyotolewa wakati mawazo mengi ya programu yanavumbuliwa, na wakazisajili, tasnia nzima ingekuwa imesimama. Wengi hunukuu hapo na kuishia hapo. Sehemu ya pili ndiyo tamu: suluhisho lake lilikuwa kusajili hataza nyingi iwezekanavyo na kubadilishana na wakubwa wenzake, na aliona wazi kwamba kampuni changa isiyo na hataza italazimika kulipa bei yoyote ambayo majitu yatapanga. Alikuwa sahihi. Miaka 20 baadaye, hataza kama 6,000 za Nortel, kampuni ya simu ya Kanada iliyofilisika, zilinunuliwa mnadani kwa dola bilioni 4.5 na kundi lililojumuisha Apple, Microsoft na Sony. Google iliyoshindwa kwenye mnada huo haikukaa hata miezi miwili. Agosti 2011 ikatangaza kununua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5, na hazina ya hataza 17,000 ilikuwa sababu iliyotajwa waziwazi. Mwaka 2014 kiwanda cha simu kikauzwa kwa Lenovo kwa chini ya bilioni tatu. Hataza nyingi zikabaki kwa Google.

Mabilioni hayo hayakulipia wahandisi wa kubuni kitu kipya. Yalinunua amani kati ya majitu, na amani yao ina geti. Wakishabadilishana leseni, Apple na Samsung na Microsoft hupita. Mgeni asiye na chochote cha kubadilishana husimama nje na pochi yake. Hapo ushindani hauhitaji kuvunjwa na njama yoyote. Umeshapangiwa kiingilio. (Samsung, kwa kushtakiwa mara nyingi katika mji mdogo wa Marshall, Texas, ilifikia hatua ya kufadhili uwanja wa kuteleza kwenye barafu karibu na mahakama. Barafu, Texas. Sina la kuongeza.)

Wapo watakaosema kizuizi nacho huzaa ubunifu, na hawakosei kabisa. Picha za GIF zilitumia njia ya kubana data iliyokuwa na hataza ya Unisys. CompuServe ilizitoa mwaka 1987, dunia ikazoea, na mwishoni mwa 1994 ndipo tangazo la leseni likatoka. Watengenezaji walikasirika, wakakaa mtandaoni, na ndani ya muda mfupi wakatengeneza PNG, umbizo la picha lililo wazi kwa wote, ambalo kwa picha zisizotikisika ni bora kuliko GIF. Picha ya nembo uliyoipakua jana huenda ni mtoto wa hasira ile. Lakini nguvu ile ilitumika kuzunguka shimo lililochimbwa katikati ya barabara. Siwezi kumshukuru mchimba shimo kwa sababu madereva walijifunza kukwepa.

Kuna hoja nzito zaidi upande wa pili. Watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, mwaka 1977 waligundua njia ya usimbaji, yaani kuufanya ujumbe usisomeke na asiyehusika, iitwayo RSA, ambayo kwa miongo ilibeba usalama wa mabenki na maduka ya mtandaoni. Huo ni uvumbuzi kwa kipimo chochote, na MIT ilipewa hataza mwaka 1983. Kama kuna programu iliyostahili, ni hiyo. Ila hata hiyo ina mkia. Ilikuja kufahamika mwaka 1997 kwamba Mwingereza Clifford Cocks, akifanya kazi kwenye idara ya siri ya mawasiliano, alikuwa ameifikia njia ileile mwaka 1973. Na kwa kuwa wale watatu walichapisha kazi yao kabla ya kuomba hataza, hawakuweza kuipata nje ya Marekani. Kwingineko RSA ilitumika bure tangu mwanzo, na usimbaji haukufa njaa.

Mfano wa pili ni i4i, kampuni ndogo ya Toronto iliyoishtaki Microsoft kwa namna programu ya Word ilivyoshughulikia nyaraka, ikapewa dola milioni 200 mwaka 2009, na mwaka 2011 ikashinda hadi Mahakama ya Juu. Mdogo amempiga mkubwa, nani asifurahi? Mimi nilifurahi mpaka niliposoma kilichoamuliwa. Mahakama ilithibitisha kwamba anayetaka hataza ifutwe lazima alete ushahidi wa kiwango cha juu kuliko kesi ya kawaida ya madai. Ukuta uliomlinda i4i ndio huohuo anaogonga kichwa mwenye duka aliyeandikiwa barua ya skana.

Kwa hiyo sisemi hataza za programu hazijawahi kumsaidia mtu. Nasema mfumo unaomsaidia mmoja kwa njia ya kesi ya mamilioni unamfaa anayemudu kesi, na mdogo anayemudu kesi ya mamilioni ni nadra kama mvua ya Agosti Dodoma.

Marekani yenyewe imepunguza kasi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu, katika shauri la eBay, iliondoa ile kawaida ya mshindi wa kesi kupewa zuio karibu moja kwa moja. Tangu 2012 ofisi ya hataza inaweza kuombwa ipitie upya hataza iliyotolewa, kwa gharama ndogo kuliko mahakamani ingawa si ndogo kwa muuza steshenari. Pigo kubwa lilikuja Juni 2014 katika shauri la Alice dhidi ya CLS Bank. Alice ilikuwa na hataza juu ya kompyuta inayosimama katikati ya pande mbili zinazobadilishana fedha, ili asiwepo wa kutoa kwanza akadhulumiwa. Yeyote aliyewahi kununua gari la mkononi Dar es Salaam anamjua mtu huyo wa katikati: pesa inakaa kwake mpaka jina kwenye kadi ya gari libadilishwe. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba wazo la kale haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kusema tu "fanya kwa kompyuta". Hataza nyingi zikaanguka baada ya hapo.

Wanaolalamikia Alice wana haki katika jambo moja: kipimo chenyewe, wazo lipi ni la kidhahania na lipi si, kinateleza, na kimewagusa hata wavumbuzi wa vipimo vya magonjwa. Mwaka 2023 maseneta Tillis na Coons walipeleka muswada wa kulegeza masharti hayo. Lakini kilio kwamba ubunifu wa programu ungekufa bila hataza tulikisikia, na miaka iliyofuata 2014 haikuwa ya ukame Silicon Valley. Mtaji uliendelea kumiminika kwenye programu, kwa sababu zilezile zilizokuwapo kabla: anayewahi hupata watumiaji, data na jina, na mshindani akimwiga leo yeye ameshatoa toleo jingine kesho. Miaka 20 ni umri wa vizazi vingi vya programu. Kumpa mtu miaka 20 juu ya kitufe ni kama kumpa msusi miliki ya mtindo wa nywele hadi mabinti wa leo waitwe bibi.

Afrika Mashariki tuko wapi? Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 na ile ya mali ya viwanda ya Kenya ya 2001 zinaziweka mbinu za kufanya biashara nje ya uvumbuzi unaosajiliwa. Programu zina kinga ya hakimiliki. Tumenufaika na hilo bila kulisherehekea. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania 2008. Muda si mrefu zikawepo Tigo Pesa na Airtel Money, na mwaka 2014 kampuni za Tanzania zikaanza kuruhusu pesa ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Wazo ni lilelile: pesa inayokaa kwenye laini ya simu na wakala mwenye mwavuli. Kama mmoja angepewa miaka 20 juu ya wazo hilo, huo mwavuli ungekuwa wa rangi moja kuanzia Kigoma mpaka Mombasa.

Vikwazo vya ushindani kwetu vimekuwa vya aina nyingine. Kenya, kwa mfano, wakala wa M-Pesa alifungwa asifanye kazi na mtandao mwingine, mpaka mamlaka ya ushindani ilipoingilia mwaka 2014. Hicho ndicho kilichohitaji nyundo.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo ana jambo moja rohoni: kijana anapeleka wazo kwa kampuni kubwa, anaambiwa "tutakupigia", na baada ya mwaka analiona wazo lake kwenye tangazo la runinga. Bila hataza atafanyaje? Ni swali la haki, na jibu lake bora kabisa limetoka Afrika Kusini. Nkosana Makate, akiwa mhasibu mwanafunzi Vodacom mwaka 2000, alipendekeza huduma ya kumtumia mtu ujumbe wa bure wa "nipigie". Akaahidiwa malipo, hakuona kitu, akaenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Vodacom inabanwa na makubaliano yale na lazima ikae naye mezani kwa nia njema. Makate hakushinda kwa hataza. Alishinda kwa ahadi. Kijana wetu anahitaji zaidi mkataba wa siri wa kurasa mbili uliosainiwa kabla ya kufungua kompyuta yake, na mahakama inayousimamia kabla hajazeeka, kuliko hataza ambayo hatamudu kuitetea.

Hatari niionayo mimi iko kwenye maneno ya sheria zijazo. Mkataba wa hataza wa Ulaya unakataza programu za kompyuta, ila tu zikiombewa "kama zilivyo". Katika maneno hayo mawili mawakili wamepitisha hataza nyingi kwa kuziita uvumbuzi unaotekelezwa na kompyuta. Ilipoletwa sheria ya kuhalalisha mlango huo, Bunge la Ulaya mnamo tarehe 6 Julai 2005 liliikataa kwa kura 648 dhidi ya 14. Mlango wenyewe ukabaki ulivyokuwa. New Zealand, mwaka 2013, iliandika katazo linalofanana na hilo, lakini ikafanya jambo ambalo nadhani waandishi wetu wa sheria wangeliiga bila aibu. Ndani ya sheria yenyewe iliweka mifano. Mashine ya kufulia inayosafisha nguo vizuri zaidi kwa sababu ya programu iliyomo ndani yake ni uvumbuzi, kwa kuwa kilichoboreshwa ni ufuaji. Programu ya kujaza nyaraka za kisheria si uvumbuzi, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa zaidi ya programu.

Kwetu mifano hiyo ingeandikika kwa aya moja. Mita ya umeme inayogundua wizi kwa njia mpya ya kupima mkondo, hata kama kazi hiyo inafanywa na programu, ipelekwe BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, isajiliwe. Programu ya simu inayohesabu michango ya kikoba na kumkumbusha mweka hazina, hapana.